Msasa Uliisha

Chumba kimoja na sebule, Chikongola,
hatua tisa toka mlangoni hadi jikoni,
na hapo nimehesabu na kuizunguka ndoo.
Mwenye nyumba alisema, "Usinipigilie ukuta,"
kisha akaondoka na kodi ya miezi sita.

Basi sikupigilia. Niliegemeza.
Nimeegemeza kioo chenye ukurutu
cha kinyozi aliyehamia Masasi;
asubuhi kinakutia mba shavuni,
jioni kinakusamehe.
Nimeegemeza nyungo tatu za Newala.
Mmoja umetoboka, na ndio ninaoupenda:
taa ikiwaka nyuma yake
dari inapata nyota za bure.

Pazia ni gunia la korosho. Nimelifua mara nne,
bado linanuka msimu.
Nambari ya ghala sikuifuta.
Wageni hudhani ni urembo;
mimi niliyewahi kuwa karani wa mizani
najua ni kilo mbili za mtu.

Mlango unazuiwa na kipande cha reli
ya ile treni ya karanga
iliyokuja kwa kelele ikaondoka na njia yake;
hiki ilikisahau, au kilijificha.
Nangumbi wa vyuma chakavu alinicheka:
"Dada, uzito huo unaupeleka wapi?"
Nyumbani, nikasema. Kwangu kuna upepo.

Lakini nilitaka meza.

Mikindani, nyuma ya gofu lililobakiwa na ngazi tu,
fundi Chinduli alikuwa anataka kupasua kuni
ubawa wa mlango wa mkongo.
Shoka lilikuwa hewani nilipotaja bei.
Akalishusha taratibu, kama mtu anayekumbuka jina.
Bajaji ilitudai nauli ya watu wawili.

Nikanunua msasa, karatasi nne.
Wiki nzima, kila nikitoka kazini, nikakwangua:
kijani, chini yake buluu,
chini yake moshi, chini yake mti wenyewe.
Karatasi ya nne ikalainika kama shuka
na mshahara ulikuwa bado uko Dodoma.
Ukingo mmoja, upana wa shubiri, ukabaki na kijani chake.
Nikaugeuzia ukutani. Nikauwekea redio.
Miguu ni makreti ya soda,
kitambaa ni kanga iliyochanika jina.

Akaja Bi Somoe wa ming'oko,
akaomba maji, akaketi,
na mkono wake ukaingia chini ya kanga
ukakaa huko.
Hakuuliza. Aliondoa redio mwenyewe,
akaondoa kikombe, akakunja kanga kwa nne,
akaniambia, "Shika huko."

Tukausimamisha.
Ndani ya kijani kile, mikato ya kisu,
mmoja juu ya mwingine, ngazi ya sisimizi:
Asumini. Mimi. Fadhili, kabla ya surua.
Asumini. Mimi. Mimi tena.
"Baba hakupima siku za mvua," akasema.
"Alidai tunarefuka kwa uongo."

Nikamwambia auchukue.
Nilisema kabla sijafikiri,
nikajuta kabla sijamaliza kusema.
Akacheka. Kwake ni udongo na makuti:
"Nitauegemeza wapi, nao una nguvu kuliko nyumba?"
Kisha akavua kandambili,
akaupa mgongo, visigino vikigusa mti,
akasubiri.

Sikuwa na kisu karibu. Nilikuwa na penseli.
Mstari wake wa leo uko chini ya ule wa mwisho
kwa vidole viwili.
Akautazama sana.
"Andika na tarehe," akasema,
"wasije wakadhani nilikuwa mtoto."

Ming'oko ya siku ile hakutaka pesa.
Niliila mezani, kanga sikuitandika.

Msasa sasa unauzwa hata duka la jirani.
Naupita. Nanunua misumari,
ambayo nayo siruhusiwi.