Pumzi Kwenye Kioo

Kila tarehe mbili Novemba, watu wa Štiavnica
wakishawasha mishumaa makaburini,
mlima wote ukawaka kama jiko la makaa,
hushuka moja kwa moja hadi sinema yetu,
nta ingali imewaganda vidoleni.
Hawaulizi tutaonyesha nini.
Ni ile ile. Mwaka wa sitini na moja huu, ile ile,
ya nyumba ya mpima madini, nyeusi na nyeupe,
yenye mikwaruzo kama manyunyu yasiyokatika.

Mashine naendesha mimi.
Mwaka wa mafuriko utepe wa tatu ulikatika,
nikaunga kwa gundi, tukapoteza sekunde mbili za ngazi.
Kesho yake wazee wanne mlangoni kwangu:
"Umetuibia vidato vitatu."
Kumbe huwa wanavihesabu.

Humu hamna damu. Hamna jino wala kucha.
Mpima madini ananyoa ndevu, anageukia taulo,
na kioo, kilichokuwa kikavu,
kinashika ukungu.
Duara dogo, kama kisosi.
Linakua. Linanywea.
Linakua.
Kuna mtu anapumua upande wa pili.
Basi. Hofu yote ndiyo hiyo.

Mwaka jana walikuja vijana wa Bratislava, na bia zao,
waliozoea mazimwi ya kompyuta yenye meno mia.
Wakacheka ngazini, wakacheka kwenye taulo.
Duara lilipokua mara ya tatu
chupa moja ikaponyoka, ikabingirika hadi mbele kabisa,
na hakuna aliyethubutu kuifuata.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wanasema.
Sisi tunaujua ung'ongo huu kwa jina,
tunaulipia tiketi,
na tunashtuka.

Safu ya nne, kiti cha saba: Otília Hrončeková,
aliyeuza vifungo na nyuzi mpaka duka likafungwa.
Pumzi ile ni yake.
Alikuwa na miaka kumi na sita. Walimpa koruna kumi na mbili na soseji
alale kifudifudi nyuma ya ukuta wa mbao,
mpira wa maji mdomoni,
apulize kila akiguswa kisigino.
"Kilinitekenya," aliniambia. "Tazama vizuri pumzi ya tano.
Inatetemeka. Pale nilikuwa nacheka."
(Kuna msomi aliyeandika kurasa tisa
kuhusu kilio cha mzuka katika pumzi ya tano.)

Nikamuuliza: sasa wewe, uujuaye mpira, uijuaye soseji,
mbona wakamata kiti mpaka vifundo vinakuwa vyeupe?
Akavuta hewa kwanza. Siku hizi mapafu yake yana filimbi;
huburuta mtungi wa oksijeni wenye magurudumu,
kama mtu aendaye stesheni.
"Aliyenyoa ndevu kafa. Aliyenigusa kisigino kafa.
Kioo chenyewe kilivunjika wakihamisha vyombo.
Wa upande ule wote wamekwisha,
kabaki yule msichana, kalala tumboni, anapuliza.
Kila mwaka nakuja kusikiliza kama bado anayo pumzi.
Anayo, mwanangu.
Inayopungua ni hii yangu."

Novemba hii mtungi wake nilikuwa nausikia hadi juku kwangu kwenye mashine:
tsii. Tsii.
Pumzi ya kwanza kiooni, ya pili, ya tatu.
Baada ya ya nne ukumbi mzima ulijizuia kupumua, kama kawaida yetu,
watu mia na hamsini, kimya, makoti yakinuka nta,
mtungi peke yake ukiendelea.
Kisha ya tano, ikitetemeka.
Na gizani, safu ya nne,
mtu akacheka,
kicheko chembamba, cha kisichana,
cha aliyeguswa kisigino.

Watu walipiga yowe hadi vumbi likashuka darini.
Sijawahi kuwaona wakiogopa vile,
wala wakikaa vitini muda mrefu vile
taa zikiwa zimeshawashwa.