Maharage ya Shira

Darasa la sita, Kibosho, masika yanapiga bati,
Mwalimu Ndewingia anagonga meza kwa rula
nasi arobaini na saba tunaitikia:
"Kiwango cha kuchemka cha maji hushuka
kadiri mwinuko unavyoongezeka."
Mara tatu. Mara tano.
Hata aliyesinzia alijua wapi pa kupandisha sauti.

Kwenye mtihani niliimwaga yote, na nukta yake.
Alama mbili kati ya mbili.
Baba akaninunulia soda Kiboriloni
na mkate wa kumimina, ule wenye kingo zilizoungua.

Mwinuko ni nini, sikuuliza.
Lilikuwa neno tu, lenye herufi saba,
ingawa Kibo ilikuwa imejaa dirishani
na tulikuwa tumeipa mgongo, tukitazama ubao.

Sekondari wakaivika sentensi Kiingereza.
Nikaikariri upya,
kama mtu anayehama nyumba
na sanduku asilowahi kulifungua.

Miaka kumi na minne. Lango la Machame,
safari yangu ya kwanza, msaidizi wa mpishi.
Kwenye mzani nikaweka kilo nne za maharage ya njano.
Eliufoo Mtui, mpagazi, aliyeishia darasa la nne,
akaufinya mfuko kwa vidole viwili.
"Haya yanakwenda wapi?"
"Shira."
Akakohoa, akajitwisha mzigo wake, akatangulia.

Saa kumi jioni, Shira, maji yakachemka
upesi kuliko jikoni kwa mama.
Nikajisifu.
Saa moja, yanachemka.
Saa tatu, yanachemka,
hema limejaa mvuke, mtungi wa gesi umekuwa mwepesi.
Nikachota harage moja, nikaling'ata:
changarawe.
Nje, watu kumi na watano, sahani mapajani,
hakuna aliyekuwa akiongea tena.

Eliufoo akachungulia sufuriani.
"Yanachemka, ndugu yangu," akasema.
"Hayaivi."

Hapo ndipo ikanipanda kutoka tumboni,
na mdundo wake, na rula yake, na mvua yake:
*hushuka kadiri mwinuko…*
Nikaichungulia sufuria kama niliyeitwa jina.
Maji haya yanaruka na kupiga kelele
na bado hayajapata moto wa kuivisha chochote.
Nikamkariria Eliufoo sentensi nzima, mikono nyuma,
kama nilivyosimama siku ile.

"Hayo mnafundishwa shuleni?"
"Ndiyo."
"Sasa maharage ulibebea nini?"

Tulikula ugali na kabichi, usiku mwingi.
Yeye hakuiachia ile sentensi. Kwa nini yanashuka?
Nikafungua kinywa; palikuwa na sentensi tu,
nyuma yake hapakuwa na kitu.
Akakaa na kikombe chake cha chai,
akakiinua, akakishusha.
"Labda," akasema, "hewa nayo ni mzigo.
Kule chini maji yamebebeshwa mwingi,
kunyanyuka ni kazi.
Huku juu mzigo ni mdogo.
Mtu asiyebeba kitu husimama upesi."
Akajipapasa utosi, pale ambapo nywele
zimeliwa na mizigo ya wageni.

Nilikaa kimya muda mrefu.
Sitamsema vibaya Mwalimu Ndewingia:
bila rula yake, usiku ule
nisingekuwa na cha kumpa Eliufoo akifungue.
Lakini nalijua sasa lile sanduku nililohama nalo,
na najua nani alikuwa na mikono ya kulifungua.

Karatasi ya mtihani bado ipo, darini kwa mama,
kati ya kadi ya kliniki na stakabadhi za kahawa.
Nyino nyekundu imefifia.
Alama mbili kati ya mbili,
miaka yote hii,
zinachemka.