Mita Moja na Robo

Muuzaji wa Katowice aliikata kwa mkasi butu,
mita moja na robo kwa kukadiria, akaongeza kidole.
"Ina nyuso mbili. Huku matumbawe, huku nyeusi tii.
Mkigombana, igeuzeni."
Hakujua anasema na nani.

Mama alitaka matumbawe:
mekundu, ya zambarau, jua likichuja kutoka juu,
bahari tuliyoikosa kila mwaka kwa sababu ya nauli.
"Angalau samaki wakaione."
Baba akasema hawa ni samaki wa mtoni,
wa maji ya kahawia na majani yaliyooza;
kuwawekea matumbawe ni kumtundikia mchimba makaa
picha ya kasri juu ya kitanda.
"Na wewe ulitundikiwa nini?"
Baba akakohoa. Kikohozi chake hujibu kila kitu.

Tukaanza na picha.
Samaki kumi na wawili wakapotea mle
kama waalikwa maskini kwenye harusi ya matajiri.
Rangi ikameza rangi. Nilihesabu sita, mara nane,
na wa nane kumbe ni doa la wino.

Nikabandua. Nikageuza.
Mama akasema, "Jeneza."

Baba akazima taa ya sebule,
akawasha ile ndogo ya juu ya maji.
Mstari wa buluu. Mstari wa buluu
ukija kutoka mbali, ukikata kona,
mmoja nyuma ya mwingine,
kila mmoja na mwanga wake.

Akavuta kigoda.
Miaka ishirini na saba alishuka kwa kizimba cha chuma,
nasi hatukuwahi kumwuliza kuna nini kule chini,
maana tulidhani jibu ni giza.
"Hivi ndivyo zamu ya pili inavyokuja kukupokea.
Huoni uso. Huoni mabega. Unaona taa,
na kwa inavyoyumba unajua:
yule Ginter, mguu wake mbovu;
yule Bercik, ana habari, anaharakisha."
Samaki mmoja alikuwa akielemea kushoto.
Hatukumpa jina. Alishakuwa nalo.

Imebaki nyeusi, na kiputo cha hewa pembeni
ambacho hata kadi ya benki imeshindwa kukisukuma.
Jumapili, shangazi Trudka akija na keki ya mbegu za popi,
mama huigeuza.
Mgeni akiondoka, huirudisha mwenyewe,
huzima taa ya sebule kabla hajaombwa,
na matumbawe huutazama ukuta
hadi Jumapili.