Ishapiga?

Nilimkuta Saggaf pale Mwembe Tayari, amepanga vyake
juu ya gazeti la juzi: chaja zilizosokotana,
rimoti zisizojua televisheni zao,
na hiyo kamera ya rangi ya fedha,
ndogo kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki moja.
"Elfu tatu," akasema, bila kunitazama.
Nikacheka. Kicheko ni nusu ya bei.
"Dada, hicho kioo cha Mjapani."
"Na mkwaruzo huu ni wa nani?"
Tukateremka kama watu kwenye ngazi ya giza,
kidato kwa kidato,
hadi elfu moja na mia nane, pamoja na kamba yake,
na betri mbili alizozing'oa kwenye redio
wimbo ukiwa katikati.

Rahisi huvunja upishi, najua.
Lakini mimi fundi wa nguo, sikuinunua nipikie.
Nilitaka picha za madera, za magauni ya maulidi,
wateja wa Nyali waone kola kabla hawajavuka daraja.
Nikayatundika kwenye ukuta wa buluu, nyuma, kwetu Majengo,
yakatoka vizuri, hata pindo.

Kasoro yake ni moja: haiwahi.
Ukibofya, hufikiri kwanza.
Taa nyekundu hukonyeza, lenzi huguna,
ndipo ikate.
Gauni halijali, gauni husubiri.
Binadamu ndiye shida.
Kadzo alishika kiuno akacheka vizuri sana:
ninayo picha ya mgongo wake ukitoka mlangoni.
Mwanangu Shee aliruka dimbwi la mvua:
ninalo dimbwi,
na kandambili moja.

Mama ni mtu wa studio.
Pazia lililochorwa mnara, ua la plastiki,
kidevu juu, usipepese.
Akaketi kizingitini, akaweka kiganja gotini,
akaujenga uso ambao sijawahi kuuona mezani.
Nikabofya.
Akangoja.
Akachoka kungoja, mabega yakashuka, leso ikateleza,
"Ishapiga?"
Na hapo ndipo ilipopiga.

Mdomo wazi, nyusi moja juu,
pengo lake la kushoto mbele ya ulimwengu.
"Futa," akasema.
Sikufuta. Nikampiga tena.
Ninazo kumi na moja sasa
na katika zote anauliza.

Tarehe nayo haishikiki. Kila nikibadili betri
inarudi mosi Januari, mwaka ambao Shee hajazaliwa.
Kwa hesabu ya kamera hii, Idi,
hitma ya jirani, na jino la Shee kung'oka
vyote vilitokea asubuhi moja,
na Mama siku nzima
akiuliza kitu kilekile.

Ndugu yangu Mwanajumbe akaja kutoka Changamwe na simu yake.
Simu haina subira wala haina adabu:
kufumba na kufumbua, Mama amenyooka,
amepakwa poda asiyoinunua,
mikunjo imepigwa pasi.
"Hii ndiyo picha," Mama akasema, akafurahi kweli.
Kisha, kwa ajili ya kunikomesha tu,
akaomba aione ile yangu mbovu.
Akaisogeza karibu, akaitenga mbali,
kioo chenyewe hakizidi stempu mbili.
Akanyamaza kiasi cha chai kupoa.

"Huyu ni mamangu," akasema.

Bibi hakupigwa picha hata moja.
Alikufa kabla sijazaliwa; uso wake
sikuwahi kuwa na pa kuutafuta.

"Futa," Mama akasema tena, akanirudishia,
kidole gumba kimefunika kitufe chenyewe.

Jana nimerudi kutoka Biashara na vifungo na uzi,
Shee ananung'unika, televisheni haibadiliki.
Nikaitazama rimoti: mgongo wazi, betri hazimo.
Mlango wa chumba cha Mama umerudishwa,
na chini yake, sakafuni,
kijimwanga kidogo
kinazimika, kinawaka.