Ukuni wa Thelathini na Moja

Gatini mzigo ni mia mbili:
kuni thelathini za mwembe, zimetoka Hindi kwa boti ya asubuhi,
kavu, ukizigonga zalia kama meza.
Mlangoni kwangu mzigo huo huo ni mia nne.
Nikamuuliza Famau, hiyo mia mbili ya pili
inawaka wapi?
Akacheka, akampapasa punda wake shingoni.
Punda anaitwa Deni,
maana hata umfukuze, alfajiri yuko mlangoni.

"Ndia yako, Bi Mwanahalima, ni ya paka.
Punda mtupu apita. Punda na mzigo hapiti."

Kweli. Aliyeijenga Mkomani alipima vichochoro kwa mabega yake,
na alikuwa mwembamba.
Kisha akaja jirani mgeni akaongeza kibaraza,
shubiri mbili tu,
shubiri mbili alizozikata kwenye ubavu wa punda.
Yeye hapiki kwa kuni. Mtungi wake wa gesi
ulipita umelala begani mwa kijana
kama mtoto aliyesinzia harusini.

Gesi nimeipigia hesabu, isitoshe mofa haiitaki.
Mofa ni mtungi wa udongo,
wataka moto ulioketi,
makaa yaliyojifunza kunyamaza.
Mikate themanini, kumi kumi.
Toa mtama, toa kuni, toa wanaokula leo na kulipa Idi,
inabaki mia mbili.
Ile ile.

Wiki ya kwanza nilijitwika mwenyewe.
Nikaingia ubavu ubavu, kuni zikikwaruza chokaa za watu,
buibui likanaswa, likapasuka hadi gotini.
Wiki ya pili nikanunua mwarobaini wa bei ya kutupa.
Moshi ukatuhamisha nyumba nzima,
na mteja wangu wa kwanza akatafuna, akatulia, akauliza:
leo mkate ni wa kula, au wa homa?

Wiki ya tatu Famau alimwaga mzigo pale chini ya wikio,
akapokea mia mbili yake, akaenda zake.
Nikabaki naziangalia kuni, nazo zinaniangalia.
Dirisha likafunguka. Bi Somoe:
"Nipa."
Nikampa ukuni. Akampa mke wa Lali,
mke wa Lali akampa binti wa fundi cherehani,
mkono kwa mkono, milango saba,
na kila ukuni ukabeba neno lake:
nani kaposwa, nani karudisha posa,
samaki wa nani walikuwa wa jana.
Maneno nayo yalifika kwangu yamevunjika ncha.

Thelathini ziliondoka. Zilifika ishirini na sita.
Sikusema kitu. Najua chai ya nani ilichemka jioni ile,
na maji ya kuoga ya nani yalipata uvuguvugu.
Nikapiga hesabu: kuni nne ni kama shilingi ishirini na saba.
Hamali gani angenibebea kwa hiyo?

Tangu hapo kila Alhamisi ni hivyo.
Ishirini na sita, ishirini na saba,
mwezi wa Ramadhani ishirini na mbili, Mungu atusamehe sote.

Alhamisi iliyopita nilihesabu thelathini na moja.
Nikahesabu tena, nikizipanga sakafuni.
Mmoja haukuwa mwembe.
Ulikuwa mguu wa kitanda, wa kukerezwa,
mzito, mweusi, na mstari mwekundu shingoni.

Eda ya Bi Somoe ilikwisha Jumanne.

Niliutia moto wa mwisho, peke yake.
Uliwaka polepole, bila moshi, kama mtu asiyetaka kusumbua.
Mkate wa kwanza uliobanduka
nikaufunga kitambaa, nikamkabidhi jirani wa kushoto:
"Wa Somoe."
Ukaenda, mkono kwa mkono, milango saba,
wakati wa njaa ya saa kumi na mbili,
unanukia.

Ulifika mzima.