Daftari la Kashata

Minza alilikuta chini ya godoro
akadhani ni la mikopo ya siri, au la mwanamke.
Alipofungua akaona tarehe, kilomita,
na maneno mawili yakipokezana ukurasa mzima:
mbele, nyuma, mbele, nyuma.
Akanigusa paji la uso kama anayetafuta homa.

Ni matairi, Minza.
Ni matairi tu.

Nilianza Januari na lile gumu,
lile alilolisifia Nkwabi kijiweni Mabatini:
“Hili utawarithisha watoto.”
Kila Jumapili, kabla jua halijaupasha mpira,
nilichomeka sarafu ya shilingi mia kati ya kashata
nikatazama swala wamezama hadi wapi.
Januari: magotini.
Mei: bado magotini.
Nkwabi akacheka, akaniomba soda.

Lakini kwenye kona lilikuwa ng’ombe
anayevutwa kwenda joshoni.
Unamwambia kata, anafikiri kwanza.

Na Juni, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
barabara ya Mwaloni Kirumba,
kanta mbili zimetangulia, zinachuruzika maji ya samaki,
lami inang’aa kama ngozi ya kambare.
Nimembeba Bi Ng’wasi na gunia lake.
Sikufunga breki. Niliigusa.
Tairi halikupiga kelele, halikunionya,
liliniachia tu,
kama mtu anavyouachia mkono wako sokoni
na wewe unaendelea kusema naye.

Dagaa walitangulia. Kisha gunia. Kisha sisi.

Bi Ng’wasi aliokota dagaa kwanza,
akaniletea kiatu changu cha kushoto,
akaitazama pikipiki kwa muda:
“Mwanangu, umeivisha sabuni?”

Ndipo nikaenda Igogo kwa fundi Lushinge
nikanunua laini.
Ukilibonyeza kwa ukucha, ukucha unaacha alama.
Mlima wa Bugando, mvua ya mawe, wagonjwa, haraka,
nililaza pikipiki hadi goti likasikia baridi ya lami
nayo ikainuka bila kuulizwa.
Lilielewa bega kabla ya mkono.
Nilirudi usiku ule nikiimba, Minza, unakumbuka,
ukaniuliza nimekunywa nini.

Julai: magotini.
Agosti: kwatoni.
Septemba swala wote wanne wako nje,
wanakimbia juu ya mpira mtupu.
Kipara. Shilingi zangu zimepakwa
kutoka Igoma hadi Pasiansi,
rangi nyembamba ambayo hakuna anayeiona,
na hesabu ya bosi haijui habari za kushika.
Bosi anauliza kitu kimoja tu, saa mbili usiku.

Lile gumu sikulitupa.
Nililipeleka kwa mshona katambuga, akamkatia baba jozi.
Baba yuko Magu, anapita nazo kwenye majaruba ya mpunga,
ananipigia simu: “Hazilikiki!”
Halafu, sauti ikishuka kidogo:
“Ila umande ukiwepo, zinateleza.”
Najua, baba. Imo kwenye daftari.

Sasa nimefanya kama wafanyavyo wengi:
laini mbele, gumu jipya nyuma.
Nimemweleza Minza, nikichora kwa kijiti uani,
kwamba la mbele ndilo linaloamua kama utafika,
na la nyuma ndilo linalobeba mzigo, ndilo linalolika,
kwa hiyo mtu mwenye akili anaweka uhai mbele
na akiba nyuma.
Alisikiliza vizuri. Alikuwa anachambua mchele.

“Na abiria,” akasema, bila kuinua kichwa,
“anakaa juu ya lipi?”

Mchele ukaendelea kupepetwa.
Nikaufuta mchoro kwa kandambili.
Kesho yake ni Alhamisi, si siku ya kupima,
lakini alfajiri nilichuchumaa nyuma ya pikipiki
na sarafu yangu na tochi ya simu,
nikimtafuta swala,
huku yeye amesimama mlangoni na mkoba wake,
tayari kwa safari ya Buhongwa,
anangoja nimwambie apande.