Daftari la Cubaka

Cubaka alipohamia Kalemie hakuniachia ufunguo,
maana mlango ule haukuwahi kufungwa.
Aliniachia daftari, jalada limeliwa na unyevu,
na juu yake, kwa wino mwekundu: Yanayojulikana.

Si yaliyotengenezwa. Yanayojulikana.
Waliotuuzia programu nao husema vilevile:
tatizo tunalijua, subirini toleo lijalo.
Tumesubiri matoleo manne
na ukuta wa nyuma umeporomoka mara mbili.

Chumba kiko nyuma ya duka la dawa la hospitali,
pale Kadutu inapoanza kuteremka bila kushika breki.
Diski ishirini na nne, za umri mbalimbali,
nyingine zina homa, moja inasaga meno,
na juu yao programu inayowaambia madaktari:
hapa pana ghala moja tu, zima, pana kama ziwa.
Uongo mtamu. Bila huo hakuna anayetibiwa.

Ukurasa wa tatu: «Inaahidi nafasi isiyokuwa nayo.
Ni kama kiwanja cha Panzi, kimoja, wenye hati watatu;
amani ipo mradi hawajaja kujenga siku moja.
Ikifika themanini kwa mia, futa eksirei za zamani,
omba msamaha baadaye.»

Wa tisa: «Kebo ikikatika,
husahau kwamba kuna kebo ya pili. Isukume kwa mkono.»
Hilo halikuhitaji daftari. Barabara ikikatika
sisi hushuka ziwani, tukapanda boti.
Ibara ya kumi na tano: jipangie.

Wa kumi na nne umechanwa. Nilimpigia simu.
«Nilifungia karanga,» akasema, akacheka mpaka salio likaisha.

Lakini wa thelathini na moja hakucheka mtu.
Ameupigia mistari hadi karatasi ikatoboka:
«Vichwa viwili. Vikiacha kuonana, kila kimoja hujitawaza.
Vyote vitaandika. Vyote vitaapa.
Usivipatanishe. Ua kimoja. Chagua upesi.»

Upesi!
Saa nane usiku, mvua ya Aprili inakwangua bati,
umeme umekwenda, jenereta ikakohoa,
ikanyamaza, ikakohoa tena,
na kati ya kikohozi na kikohozi vichwa vikapoteana.
Nilipofika, saa tatu robo ilikuwa imepita
na kila kimoja kina usiku wake.
Cha kushoto kilishika maabara, malipo, dawa.
Cha kulia kilishika wodi ya wazazi, basi.
Nikapima kama muuza makala.
Nikaua cha kulia.
Kidole kilikuwa changu, Nsimire, si cha programu.

«Imefanikiwa,» skrini ikaandika, kwa kijani.

Watoto watatu walizaliwa ndani ya dakika zile.
Kwa mashine, mama zao waliingia na matumbo yao
na mpaka sasa wanayo.

Nikachukua biki. Nikavaa buti alizoziacha Cubaka,
kubwa, kila hatua inajibu mara mbili,
nikapanda ngazi za udongo, tochi mdomoni.
Mkunga Mwavita hakuniuliza nimefuata nini.
Alikunja mkono wa blauzi. Juu ya ngozi,
kutoka kifundo mpaka kiwiko, maandishi ya buluu:

nane na kumi na nne, wa kiume, kilo tatu na robo.
Nane na thelathini na moja, wa kike, alichelewa kulia.
Nane na arobaini na saba, wa kiume,
mamake bado anabishana na shangazi juu ya jina.

«Mashine yenu naijua,» alisema,
akanisogezea mkono karibu na taa ninakili,
akiushikilia mbali na beseni.

Nimerudi chumbani. Diski ile bado inasaga meno.
Chini ya mwandiko wa Cubaka, kwa kuwa nafasi ilikuwepo,
nimeongeza:
«Ukishaua, kimbia wodini
kabla Mwavita hajanawa.»